Siku Nilipoivuta Ndege kwa Kamba

Aibu nyingine mtu huizika kimyakimya akabaki nayo peke yake. Yangu haizikiki, maana iliponipata walikuwapo watu wa kujaza mashua sita, mama mkwe wangu akiwa mstari wa mbele, na yeyote kati yao ukimkuta leo Lamu, mtaani Langoni, kwenye kahawa atakuhadithia kabla hujaketi, tena ataongeza yake, kwa hivyo nimeona bora niieleze mimi mwenyewe kama ilivyokuwa, na nikiongeza nitaongeza kidogo tu, pale panapostahili.

Kwanza mjue ni nani aliyeaibika, kwa sababu mtu mdogo akianguka hapana anayegeuka kumtazama. Mimi ni Athmani, mzaliwa wa Pate, na niliingia Lamu nikiwa kijana mwenye kikoi kimoja na shoka ambalo mpini wake nimeuchonga mwenyewe. Nilikata boriti mikokoni, tope la kiunoni, mbu wa kila namna, na kusoma sikusoma ila chuoni kwa mwalimu wa Kurani, juzuu chache na adabu zake. Lakini muulizeni yeyote: nilipofika miaka arobaini nilikuwa na mashua tatu majini, duka Langoni, na nyumba ya ghorofa mbili ambayo boriti zake zote nilizichagua kwa kuzigonga na kifundo cha kidole (ndiyo, moja moja, kwa sababu mti una sauti yake, mzima hulia hivi na mbovu hulia vile, na Lamu yote hapana sikio lililolishinda langu, hata fundi Kombo anayeunda mashua analijua hilo, ingawa hatalisema). Hilo la sikio lishikeni, tutalihitaji.

Nilikuwa na kila kitu ila kimoja. Mke wangu Zena ni mwana wa mtaa wa Mkomani, wa zile nyumba za kale zenye vidaka ukutani na majina marefu, na mamake, Bi Rukia, alinipokea kama mtu anavyoipokea mvua na nguo zake ziko kambani. Miaka kumi na saba ya ndoa hakuniita jina langu hata siku moja. "Mume wa Zena amekuja." "Mwambieni mume wa Zena dari lavuja." Nikishalitengeneza dari: "Mume wa Zena ametengeneza." Hakunitukana, hakuninyima chakula, heshima zote alinipa, lakini hilo neno Athmani halikutoka kinywani mwake, na mimi, mwenye mashua tatu, nilikuwa nikilisubiri kama mtoto anavyosubiri mwezi wa Idi.

Sasa, miaka hiyo ndege ndogo ilikuwa imeanza kutua Manda, ng'ambo yetu pale, ndege ya Mzungu mmoja aliyekuwa akichukua barua na samaki. Sisi tulimwita Bwana Miwani kwa ile miwani yake mipana ya kurukia, aliyoivaa hata akinunua ndizi. Kiwanja chake kilipoota vichaka nilimpelekea watu wangu wakafyeka na kung'oa visiki, nikampa na boriti za banda la ndege, na aliponiuliza anilipe nini nikamwambia, "Nifundishe kuirusha." Akacheka. Mimi sikucheka. Akaacha kucheka.

Ndege yenyewe ilikuwa ya watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ndani ya mabawa mna mifupa ya mbao, mataruma kabisa kama ya mashua, na mti mmoja mkubwa unaopita kutoka kifuani mpaka ncha kama mkuku wa chombo, uti wake wa mgongo, na juu ya yote hayo imewambwa nguo ikapakwa rangi hata ikakaza kama ngozi ya ngoma. Nilipoiona kwa karibu mara ya kwanza nikasema moyoni, kumbe hii ni mashua iliyopewa mikono! (Hapo ndipo ujinga wangu ulipopata kiti cha kukalia.)

Nilifunzika upesi, sitaficha. Mara sita alinipandisha na mara sita akaniachia usukani tukiwa juu, na mara ya sita alisema "mzuri" kwa mdomo wake. Lakini kabla ya kila safari ilikuwa lazima kuizunguka ndege na kuikagua, na yeye alikuwa na karatasi ya ukaguzi yenye mistari mingi, na mimi na karatasi huwa tunatazamana tu, kwa hivyo nikamwambia anisomee mara tatu, nami nikaihifadhi kwa mahadhi kama nilivyohifadhi chuoni, toka rafadha inayozunguka mbele mpaka usukani wa mkiani, na sikukosa kitu. Bwana Miwani alishangaa. Kisha akaniwekea sharti lake.

"Sikia, Athmani. Mkono kwanza, macho pili, mdomo mwisho. Wewe nakagua peke yako. Mimi hapana tazama. Wewe nasema mzima, mimi naingia."

Na kweli, nikianza kukagua yeye hunipa mgongo, akawasha kiko chake akatazama mkondo wa maji, na nikisema mzima huja akaingia akaketi bila ya kugusa chochote. Mwanzo nilidhani ni uvivu wa Kizungu. Baadaye nikaelewa kwamba anachokikalia si kile kiti, ni neno langu.

Basi akaniambia Jumamosi nitairusha mimi toka ardhini, yeye ameketi nyuma yangu na mikono mapajani. Mtu mwingine angekwenda akaruka, akarudi, akasema alhamdulillahi akanywa chai. Mimi nilialika. Nilialika Langoni, nilialika Mkomani, nilialika hadi watu wa Mokowe, nikaagiza sinia nne za halua, kahawa, na vijana wa tari. Na nikamwalika Bi Rukia.

Zena aliniambia, "Mama mwite ukisha kuruka, si kabla." Ndiye mwenye akili nyumbani kwetu. Sikumsikiliza.

Ijumaa baada ya sala nikavuka Manda kutazama mahali. Banda la ndege lilikuwa mwisho wa kiwanja, mbali na pale mashua zinapofungwa, na katikati ni mchanga mtupu wa kuchoma nyayo. Nikajiambia, Bi Rukia mtu mzima, hawezi kuukata mchanga wote huu na jua (huruma tupu, ndivyo nilivyojiambia; ukweli ni kwamba nilitaka akishuka mashuani jicho lake lianze na ndege, na ndege iseme Athmani). Kwa hivyo nikaamua tuisogeze. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo, kusogeza kitu kutoka hapa kwenda pale.

Bwana Miwani alikuwa Lamu. Yeye ndege yake huisukuma kwa watu wawili watatu, taratibu, wakishika mahali anapowaonyesha yeye. Lakini mimi nimevuta majahazi pwani, nifundishwe na nani kuvuta? Nikaita watu wangu ishirini, na Nahodha Shee, nahodha wa mashua yangu kubwa, ambaye kwa kuimbisha wavutaji hana mwenzake, nikafunga kamba mbili za nazi katika zile nguzo zinazoshika mabawa, fundo zuri, fundo langu, na Shee akaanza:

"Ndege wa bwana meota magurudumu!"

"Haree-mbe!"

"Hataki mai, ataka mawingu!"

"Haree-mbe!"

Ikaja. Wallahi ikaja kama mbuzi. Sasa niwaeleze jambo ambalo wa visiwani mnalijua na wa bara huenda hamlijui: kwetu mvutaji hasimami katikati ya ubeti. Ubeti ukianza unamalizwa, ndipo watu wapumue, kwa sababu ukiachia kamba kati chombo kinarudi na kuvunja watu miguu, na tumelelewa hivyo, mwili wenyewe haukubali kuacha. Tumefika karibu na mti uliobeba bendera ya kuonyesha upepo (boriti nene, nilimpa Bwana Miwani mimi, boriti yangu haina mchezo), gurudumu la kulia likadumbukia katika shimo la kisiki ambacho watu wangu walikuwa wameking'oa na wasilifukie. Ndege ikageuka kifua, na bawa la kushoto likaanza kwenda kwenye ule mti. Nililiona. Nikafungua mdomo niseme simameni. Lakini Shee alikuwa amebakiza maneno matatu ya ubeti, watu ishirini wameegemea kamba, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, mdomo niliokuwa nimeufungua nikauitikia:

"Haree-mbe!"

Tak.

Si sauti kubwa. Kama mtu amevunja ukuni mmoja chumba cha pili. Nikalikimbilia bawa. Nguo haikupasuka, rangi imekwaruzika kidogo upana wa kiganja, nikaisugua kwa kidole cha mate ikapotea.

Shee akaniuliza, "Ni nini icho, Bwana?"

"Gogo," nikamwambia. "Tumekanyaga gogo."

Akatazama chini. Gogo hakuna. "Gogo," akasema naye, kwa adabu.

Niliwaambia nina sikio. Basi sikio lilisikia sawasawa, nami nikaliamrisha linyamaze.

Jumamosi asubuhi mashua zikaja, sita, zimejaa, tari zinapigwa toka majini. Fundi Kombo alishuka wa kwanza na kanzu yake ya harusi, akaizunguka ndege kwa mbali na mikono mgongoni.

"Athmani, ukifika huko juu tuagizie mvua, visima vya Langoni vina chumvi."

"Nitakuletea wingu zima," nikamwambia, "ulale ndani yake, huenda ukaamka umejua kuunda mashua."

Watu wakacheka upande wangu. Asubuhi njema. Kisha akashuka Bi Rukia, buibui lake jeusi safi, Zena amemshika mkono, na kama nilivyopanga, jicho lake likaanza na ndege. Akaitazama muda mrefu.

"Mume wa Zena, ni iyo?"

"Ndiyo hiyo, mamangu."

"Mbona nguo tupu?"

"Ndani kuna mbao."

"Aa," akasema. "Kana kitanda." Akaenda kuketi kwenye mkeka.

Bwana Miwani yeye hakucheka. Alipoiona ndege iko pale uso wake ukakunjana. "Nani naleta ndege hapa?"

"Mimi, Bwana. Kwa ajili ya wazee, wasitembee."

"Polepole?"

"Polepole kabisa."

"Hapana gonga kitu?"

Na hapa, jamani, palikuwa na mlango wazi kabisa wa kutokea. Tulikuwa wawili tu, watu wako kwenye halua. Nikasema, "Hapana."

Akanitazama, akatikisa kichwa kukubali, akanipa mgongo akawasha kiko.

Nikaanza kukagua. Siku zote nilikuwa nikikagua kwa sauti ya chini, lakini siku hiyo kuna hadhira, kwa hivyo nikaipandisha sauti na mahadhi yake, huku nikizunguka na kanzu nimeipandisha kiunoni.

"Rafadha nzima!"

Na watu wetu mnawajua, ukiwaimbia jambo mara mbili la tatu wanalo. Nilipofika "Magurudumu mazima!" vijana wa tari wakaitika, "Mazimaa!" Nilipofika "Bawa la kulia zima!" ikaitika pwani yote, "Zimaa!" wanawake wakapiga vigelegele, na nikamwona Bi Rukia kidole chake kikigonga goti kwa mapigo ya tari. Nawaambieni, sijapata kuwa mrefu kama nilivyokuwa asubuhi ile. "Mkia mzima!" "Mzimaa!"

Likabaki la kushoto. Kwa mpango wa karatasi lilikuwa lije kabla ya mkia, lakini miguu yangu yenyewe ilikuwa imelipita.

Nikaliendea. Nikaweka mkono kwanza, kama nilivyofundishwa, na kabla ya kuuliza chochote nikaona nguo, ambayo jana ilikuwa imekaza kama ngoma, imekunjamana mikunjo midogo midogo ya kwenda upande, kama paji la uso la mtu mwenye maumivu asiyetaka kusema. Nikaishika ncha ya bawa nikainyanyua kidogo. Ndani mkalia kriii, kama mlango wa mtu anayeingia kwake kwa kunyatia. Nikagonga kwa kifundo cha kidole pale kifuani: sauti nzima. Nikasogea mkono mmoja, nikagonga: nzima. Nikasogea tena, pale ilipokuwa rangi imekwaruzika, nikagonga.

Boriti nikisikia sauti ile huiacha mikokoni.

Ule mti mkubwa, mkuku wa bawa, ulikuwa umevunjika. Na nikiwa nimeinama hivyo, mdomo nimeufunga, sijasema neno, nyuma yangu pwani nzima, kwa kuwa mahadhi yanataka kukamilika na wao wamechoka kungoja, ikaimba yenyewe:

"Bawa la kushoto zimaa!"

Bwana Miwani akasikia zima. Akagonga kiko chake kwenye kiatu, akapita nyuma yangu bila ya kugusa kitu, akapanda, akaketi, akajifunga mkanda.

"Athmani! Panda."

Sasa hesabuni mambo yaliyokuwa mbele yangu. Nikipanda, tutaruka, na mti ule utakatika juu ya mkondo, na mtu aliyeketi juu ya neno langu atakufa nami pamoja naye, mbele ya mke wangu. Nisipopanda, itabidi niseme kwa nini. Mwenye akili timamu angechagua papo hapo. Mimi niliona kuna ndia ya tatu.

Nikajishika tumbo. "Bwana, tumbo limenikata."

Bi Rukia, ambaye mato yake hayapitwi na kitu, akaita pale alipoketi, "Mpeni tangawizi!" Likaja birika. Nikanywa kikombe kizima cha tangawizi ya moto mbele ya watu, likanichoma ulimi, na tumbo, mwana haramu yule, likanyamaza kabisa hata watu wakaona nimepona.

Nikasema, "Upepo si mzuri." Nahodha Shee, aliyedhani ananisaidia, akalowesha kidole akakiinua, akasema kwa sauti ya kufika Shela kwamba tangu azaliwe hajaona upepo wa adabu kama huu.

Nikasema, "Sijasali rakaa mbili za safari." Hapo hapana aliyecheka, na mkeka ukatandikwa chini ya lile bawa lenyewe, mahali pa kivuli.

Nikasali. Na hilo sikulifanya kwa hila, nilianza kwa hila lakini paji la uso lilipogusa mkeka hila ikaniacha. Nyuma kumetulia, tari zimenyamaza, nasikia mawimbi na nasikia kiti cha Bwana Miwani kikilia kila akijisogeza, ananingoja, na nikawaza kwamba mtu huyu hata sasa hajageuza kichwa kulitazama bawa. Sikuomba muujiza. Niliomba ulimi tu.

Nikatoa salamu, nikasimama, nikawageukia watu.

"Bawa la kushoto limevunjika."

Mzee mmoja wa nyuma, ambaye masikio yake yalishatangulia, akaitika peke yake kwa sauti nzuri kabisa:

"Zimaa!"

Nisingependa kuwaeleza kicheko kile. Kilianza kwa Kombo kikaenda mpaka mashuani kikarudi. Na mimi nimesimama katikati, kanzu kiunoni, tangawizi kidevuni. Kilipopungua, sauti moja ikauliza, na haikuwa ikicheka.

"Nani alolivunda?" Bi Rukia.

"Mimi, mamangu." Na nikishaanza sikuweza kusimama, ubeti unamalizwa, nikasema yote: kwamba jana niliivuta kwa kamba kama jahazi, kwamba niliona linakwenda kwenye mti na nikaitikia badala ya kusimamisha, kwamba nilisikia likivunjika nikasema gogo, kwamba asubuhi hii Bwana ameniuliza kwa mdomo wake nikamdanganya, na kwamba nilikuwa nimefanya yote hayo ili mtu fulani (sikumtaja, lakini Zena aliinamisha kichwa) aone ndege kabla ya kuona mchanga.

Bwana Miwani alikuwa ameshashuka. Alitoa kisu mfukoni, akaipasua nguo ya bawa pale nilipoweka kidole, akatia mkono hadi kiwikoni, akauvuta, akatoka na kibanzi cha mti cheupe, kirefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Akakitazama. Akatazama mkondo wa maji. Akanitilia kibanzi mkononi na kunifumbata vidole juu yake.

"Wewe mjinga," akasema taratibu. "Mjinga sana. Wewe nasema uwongo mara moja, mimi nakaa hapa" (akagonga kiti) "hapana jua kama mimi nakufa leo." Akavua miwani yake, nadhani ndiyo mara ya pekee nilipoyaona macho yake, mekundu. "Lakini wewe nasema. Mbele ya watu. Mimi najua rubani mingi hapana weza hiyo."

Kisha akaenda kula halua. Alikula nyingi.

Ndege ikakaa Manda miezi, mpaka bawa jingine lilipoletwa kwa meli, na muda wote huo samaki zake na barua zake zilikwenda kwa mashua yangu kubwa, na Nahodha Shee alikatazwa kuimba akiwa karibu na banda lile. Kuirusha ndege kwa mikono yangu toka ardhini sikupata tena. Bwana Miwani alisema atanifundisha jambo moja tu, kukagua, na kila alipokuja nilimkagulia, mkono kwanza, macho pili, mdomo mwisho, kwa sauti ya chini, na aliniamini, akaingia. Kwa hivyo wakisema Athmani hakuruka siku ile, waambieni ni kweli, lakini waulizeni pia kama toka Kiunga mpaka Kipini wanamjua mwingine aliyewahi kuikataa ndege mbele ya mashua sita za watu. Hawamjui. Ni mimi.

Kibanzi kiko dukani, nimekitundika juu ya mizani. Mtu akiniuliza kama boriti hii ni nzima, au papa huyu mkavu ni mzima, nakitazama kwanza ndipo nikajibu, na watoto wa Langoni wakinipita hadi leo huniimbia "Zimaa!" wakakimbia. Wana haki. Nimeapa sivuti tena kwa kamba kitu ambacho sikukiunda, na sifungui mdomo kabla ya mkono.

Lakini nimesahau la kurudi. Watu walipokuwa wakipanda mashua, wanacheka bado, mimi nilikuwa nimesimama majini hadi magotini nikishikilia chombo changu, natamani maji yawe marefu zaidi, nikasikia nyuma yangu:

"Athmani, nipa mkono."

Nikageuka. Ni yeye, na viatu vyake ameshika. Nikadhani nimesikia vibaya, nikamuuliza, "Mamangu, umeniitaje?"

"Jina lako. Hukupowa na wazazi wako?" Akanyoosha mkono nimpandishe, kisha akaurudisha. Akaitazama mashua kutoka omo mpaka tezi, mbele hadi nyuma, kama alivyoitazama ndege asubuhi. "Na iyi je," akasema, "umeikagua?"

Pwani yote ikaangua kicheko upya. Mimi nikaingia mashuani, nikapiga magoti, nikaanza kugonga mbao moja moja kwa kifundo cha kidole, sikio langu chini, na sikuinua kichwa mpaka nilipofika tezi, na wao wakacheka hata wakachoka, wakanyamaza, wakawa wanasikiliza. Ubao wa mwisho nikaugonga mara mbili.

"Nzima," nikasema, kwa sauti ya kumfika yeye tu.

Hapana aliyeitika. Bi Rukia akanipa mkono, akapanda.